Joho la Mkuu wa Chuo na Mfuko wa Hazina

Wapo wanaodhani kwamba Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye anayeshinda ofisini pale Mlimani akitia saini mafaili. La hasha. Hiyo ni kazi ya Makamu wake. Mkuu wa Chuo huonekana zaidi siku ya mahafali, akiwa ndani ya joho, akiwatunuku vijana shahada zao. Hata hivyo kiti hicho ni cha heshima kubwa, nacho kimewapenda wachumi. Alikikalia Balozi Fulgence Kazaura, mchumi aliyefariki dunia mwaka 2014. Januari 2016 Rais Magufuli akamteua Jakaya Kikwete, Rais mstaafu, ambaye shahada yake ya uchumi aliipata hapo hapo Mlimani mwaka 1975.

Mwaka huo wa 1975 mwanafunzi alikuwa halipi kitu. Serikali ilimfundisha, ikamlisha na kumpa kitanda. Miaka 32 baadaye, Kikwete akiwa Ikulu, wanafunzi wa Mlimani waligoma. Bodi ya Mikopo ilikuwa imeanza kazi mwaka 2005, na vijana hawakutaka kusikia kwamba sehemu ya gharama itoke mifukoni mwa wazazi wao. Siwalaumu. Mchumi aliyesoma bure huwa na kazi nzito kumweleza mtoto wa mkulima kwa nini yeye alipe.

Mkulima ninayemfikiria mimi yuko Buha, kule Kasulu na Kibondo, kwenye milima ya Kigoma. Wakoloni waliigeuza nchi ile ghala la manamba. Vijana wa Kiha walisafirishwa kwenda kukata mkonge Tanga, na wengi walirudi na blanketi na kikohozi. Leo kunatoka maharage, mihogo, kahawa, na tangawizi ya Buhigwe.

Katika milima hiyo hiyo, iliyokuwa wilaya ya zamani ya Kasulu kabla Buhigwe haijawa wilaya mwaka 2012, alizaliwa mwaka 1957 Philip Mpango. Alipata udaktari wa uchumi Mlimani, akafundisha hapo. Kiti cha Mkuu wa Chuo hakukifuata. Alikwenda Benki ya Dunia, akarudi kuwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Mipango, akakaimu ukamishna mkuu wa TRA kwa majuma machache, na Desemba 2015 akakabidhiwa Wizara ya Fedha. Machi 2021 aliapishwa kuwa Makamu wa Rais, wadhifa alioushika hadi Novemba 2025.

Jambo ambalo halikuzungumzwa sana ni hili: kwa zaidi ya miaka mitano, Mpango alipokuwa na ufunguo wa Hazina, Wizara ya Elimu ilikuwa kwa Profesa Joyce Ndalichako, ambaye mwaka 2020 alichaguliwa mbunge wa Kasulu Mjini. Mwaka huo huo Mpango akawa mbunge wa Buhigwe. Fedha na elimu, vyote viwili mikononi mwa wabunge wa milima ile!

Ilikuwa katika kipindi chao, mwaka 2016, sheria ilipobadilishwa, na makato ya mkopo kwenye mshahara yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15. Hoja ya kiuchumi naielewa: deni la jana ndilo linalomsomesha mwanafunzi wa kesho. Lakini mwalimu wa sekondari kule Kibondo alitia saini akijua ni 8, akapanga chumba na kuahidi kumsomesha mdogo wake kwa hesabu hiyo hiyo ya 8. Juu yake ilikuwapo tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, hata deni likawa halionekani kupungua. Tozo hiyo Rais Samia alitangaza kuiondoa Mei Mosi, 2021, na walimu walishangilia kwa haki kabisa.

Kuna jingine ambalo bajeti hailigusi. Fomu ya mkopo siku hizi hujazwa kwa intaneti, na cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA. Kwa kijana wa Dar es Salaam ni usumbufu wa siku mbili. Kwa kijana wa Kibondo aliyezaliwa nyumbani, mikononi mwa bibi yake, ni safari nyingine kabisa. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, kambi ya Nduta ya wakimbizi wa Burundi ilifunguliwa wilayani humo humo, na wenyeji wa mpakani wamezoea kuulizwa: wewe ni raia wa wapi? Maksi za kidato cha sita anazo. Anasubiri karatasi ya kuthibitisha kwamba alizaliwa Tanzania, na dirisha la maombi lina tarehe yake ya kufungwa.