MGONJWA ASIULIZWE NAMBA YA KAZI
Hotuba iliyosemwa mbele ya wafanyakazi na raia wa Mulungwishi



Sikuja kuwasemea siasa ya mbali. Nimekuja kusema juu ya kitanda cha hospitali: nani hukilipia?

Wazee walio hapa wanakumbuka kambi za Union Minière. Mtu akishika kazi alipata nyumba, posho na hospitali, yeye na mke wake na watoto. Pale Panda, Likasi, mke wa mfanyakazi alizaa bila kuulizwa falanga. Je, walitupenda? Hapana. Kompani ilichoka kuleta watu kutoka mbali, wakafika wagonjwa, wakafa ama wakatoroka. Ikapiga hesabu: mtoto akizaliwa salama kambini, ndiye mfanyakazi wa kesho. Hata hivyo dawa ilikuwa dawa, na sitasema uongo ili nipendeze watu.

Lakini tazameni kosa la mpango ule. Hospitali ilifuata namba ya kazi, haikumfuata mtu. Mkulima, muuza samaki, mjane, hawakuwa na namba. Walitegemea misioni na dispensari ya Bula Matari. Mwaka 1967 Serikali ikaichukua kompani, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mpango ukabaki ule ule. Miaka ya 1990 migodi ikaanguka. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka, ikaitwa kuondoka kwa hiari. Walitia sahihi, wakapokea fedha mara moja, na pamoja na kazi ikaondoka hospitali ya jamaa nzima.

Mimi mwenyewe nimeona. Mke wangu alizaa kwa kupasuliwa. Mama mzima, mtoto mzima, tukamshukuru Mungu. Halafu wakasema: hatoki mtu mpaka deni liishe. Alikaa siku 11 juu ya mkeka, kitanda amepewa mwingine, nami nazunguka kuuza baisikeli na mabati ya nyumba. Sitaji hospitali ile. Wauguzi wake nao walikuwa hawajalipwa. Deni langu ndilo lililokuwa mshahara wao.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inalindwa. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ilianza Kinshasa mpango wa kuzalisha mama bila malipo na kutunza mtoto mchanga, kisha ikaupeleka katika majimbo mengine. Ni jambo jema, tulisifu. Lakini jueni unavyotembea: hospitali hutibu kwanza, halafu hupeleka hesabu kwenye Mfuko wa Serikali. Mfuko ukichelewa, kabati ya dawa inabaki tupu, na mama anaambiwa kwa sauti ndogo akanunue mwenyewe glavu na sindano. Hiyo ni bure ya mdomoni. Na malaria ya baba je? Na mkono uliovunjwa na jiwe la mgodi?

Najua wengine hamtapenda nikitaja Rwanda siku hizi. Nataja hesabu tu. Huko kila jamaa huchangia mfuko wa mituele kila mwaka, na walio maskini kabisa Serikali huwalipia. Wala hawana shaba yetu, wala kobalti yetu.

Sisi tunayo. Sheria ya madini ya mwaka 2018 hugawa ushuru wa madini hivi: 50 kwa mia kwa Serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa sehemu ya nchi panapochimbwa, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. (Minong'ono.) Ndiyo, mmesikia vizuri, 15. Malori ya shaba yanapita barabara hii ya Kolwezi mbele ya macho yetu. Sisemi fedha zote ziende hospitalini. Kuna shule, kuna madaraja. Nauliza: katika zile 15, ngapi zimelipia kitanda cha mjane? Kama karatasi ya hesabu ipo, ibandikwe mahali watu wote wataisoma.

Basi, wale mnaodaiwa na hospitali, leteni karatasi za deni Jumapili baada ya ibada. Asiyejua kusoma aje nayo vile vile, vijana watamsomea. Tutaandika kiasi cha deni tu, si jina la mgonjwa wala ugonjwa wake. Jumatatu wazee watatu watazipeleka kwa wakubwa wa Likasi, nao watangoja pale mlangoni mpaka wapewe jibu.