Takometa kwenye Pikipiki ya Mjini: Inafaa Kufungwa?



Mada niliyopewa inahusu swali ambalo vijana wetu hapa London huliuliza wakishapata leseni na kununua pikipiki ya kwanza isiyo na takometa, yaani saa inayoonyesha mizunguko ya injini kwa dakika: nifunge, au niache? Nitoe msimamo wangu mapema. Kwa kuendesha mjini, takometa ya kuongezea haina kazi kubwa. Kwa kupima ubovu wa injini na klachi ina kazi nzuri sana. Kwa hiyo mahali pake ni kwenye sanduku la vifaa zaidi kuliko kwenye usukani. Wapo ambao kauli hii haiwahusu, nitawafikia.

Kwa upande wa sheria hatuna mengi. Uingereza inadai pikipiki iwe na spidomita. Takometa haidaiwi, na hakuna askari atakayekusimamisha Old Kent Road kwa kuikosa.

Hamu ya takometa ina mizizi katika jiji hili hili. Kampuni ya Smiths, iliyoanza mwaka 1851 kama duka la saa la Samuel Smith kusini mwa London, baadaye ilitengeneza spidomita na takometa zake Cricklewood, na zikafungwa kwenye Triumph, Norton na BSA. Zile za kizamani, Chronometric, zilikuwa na mashine ya ndani kama ya saa, na mshale wake hauendi kwa ulaini bali huruka kidogo kidogo. Pikipiki za Matchless na AJS zilikuwa zikiundwa Plumstead. Na pale Ace Cafe, kando ya North Circular Road, iliyofunguliwa mwaka 1938, ikafungwa 1969 na kurudi tena 2001, vijana wa miaka ya 1950 na 1960 walikusanyika na pikipiki walizozipunguza vyuma na kuzishusha usukani, shabaha yao kugusa maili 100 kwa saa. Saa mbili za duara zilizosimama sambamba mbele ya mpandaji ndizo zilizoipa pikipiki sura ya mashindano.

Lakini wanamashindano hawakuipenda takometa kwa sura. Injini zao zilikuwa na nguvu katika eneo dogo la mizunguko ya juu. Ukishuka chini yake, pikipiki inakufa mikononi. Ukizidisha, springi za valvu hazikuweza kurudisha valvu kwa wakati, na valvu ikikutana na pistoni kazi imekwisha. Hapakuwa na kitu cha kumzuia mpandaji isipokuwa ule mshale. Leo pikipiki nyingi zina kompyuta au CDI (kisanduku cha umeme wa cheche) inayokata moto injini ikizidi kiwango. Vuta mafuta mpaka mwisho, itakohoa tu na kukataa.

Tuangalie pikipiki inayoletewa swali hili mara kwa mara, Royal Enfield Classic 350. Injini yake ya cc 349 inatoa nguvu ya farasi 20 hivi kwenye mizunguko 6,100 kwa dakika, na mvuto wake wa juu kabisa, Nm 27, unapatikana kwenye 4,000. Maana yake inavuta tangu chini, haihitaji kupigwa resi. Mtengenezaji hakuiwekea takometa, na sidhani alifanya hivyo kwa ubahili. Ilinganishe na Honda CBR250RR ya silinda nne ya miaka ya 1990, ambayo mstari wake mwekundu uko juu ya 18,000. Ile huwezi kuiendesha vizuri bila kujua injini iko wapi, ndiyo maana ilitoka kiwandani na takometa kubwa. Kwa kawaida pikipiki inayoihitaji imeshawekewa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu pia. Boda boda wa Kariakoo aliye juu ya Bajaj Boxer anabadilisha gia mamia ya mara kwa siku, kwa sikio na kwa mtetemo wa miguuni. Hoja inayopinga mfano huu ni ya kweli: London unavaa helmeti iliyofunika uso mzima, wengine na vizibo vya masikio, na pembeni yako kuna basi la ghorofa. Sikio linadhoofika. Ila mshale nao una bei yake. Barabara nyingi za katikati ya jiji sasa ni maili 20 kwa saa, na kwa mwendo huo sekunde moja ya kutazama chini ni karibu mita tisa ulizopita bila kuona. Anayepata shida ya gia, mimi ningemshauri afunge taa ya kuonyesha gia, au fedha hizo anunulie gripu za joto. Januari atanikumbuka.

Wanaopeleka chakula kwa skuta za mkanda kama Honda PCX nawapitia haraka: skuta inajichagulia mwendo yenyewe, mshale utauangalia lakini hutakuwa na gia ya kubadilisha. Hilo ni pambo.

Sasa tuje kwenye waya, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Takometa za kizamani zilizungushwa na kebo kutoka kwenye injini. Nyingi za sasa za kuongezea zinahesabu cheche. Injini ya silinda moja ya mipigo minne inahitaji cheche moja kila mizunguko miwili ya kranki, lakini nyingi zinasoma kutoka kwenye magneto ya kranki, kwa hiyo plagi hupiga kila mzunguko, na cheche moja kati ya mbili inapotea bure. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde, injini hiyo inatoa cheche 50 kila sekunde. Ukiiweka takometa kwenye hesabu ya cheche moja kwa mizunguko miwili, itakuonyesha 6,000 na utadhani injini inapasuka. Ukikosea kwa upande wa pili, inakuambia 1,500 huku injini inalia.

Halafu kuna umeme wenyewe. Ile waya ya koili unayoiona ni ya volti 12 inaweza kuruka mpaka mamia ya volti kila koili inapokatwa, na saa ya bei rahisi isiyo na kinga huungua au mshale wake hucheza ngoma. Kila unapokata waya na kuunga kwa tepu, chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi italala pale. Injini ikianza kukatakata mwezi wa pili, fundi anaanza kuitafuta huko.

Ndiyo maana napendekeza takometa ndogo ya kuzungushia waya kwenye waya ya plagi. Haikati chochote, inahisi mapigo ya umeme ikiwa nje ya waya, ukimaliza unaitoa. Nayo inakupa kazi ambazo sikio halifanyi vizuri. Ya kwanza ni kurekebisha mizunguko pikipiki ikiwa imesimama, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu chake badala ya kubahatisha. Ya pili, na kubwa kwangu, ni klachi. Foleni za London zinakula klachi. Panda A13 pakiwa wazi, weka gia ya juu, fungua mafuta kwa ghafla. Mizunguko ikiruka huku spidomita ikijikokota, diski zinateleza. Kwenye gia moja mizunguko na mwendo lazima vipande pamoja, haviwezi kuachana kama klachi ni nzima. Hapo umepata jibu kabla ya kufungua hata bolti moja.

Niliahidi kuwataja wasiohusika na msimamo wangu. Mwenye Triumph ya 1965 anayeirudisha kama ilivyokuwa, afunge Smiths yake kwa amani. Na mpandaji asiyesikia: Uingereza haimnyimi leseni ya pikipiki kwa uziwi, na kwake mshale, au bora zaidi taa inayowaka wakati wa kubadilisha gia, unachukua nafasi ya sikio. Kwake ningeifunga moja kwa moja, tena kwa kifaa kizuri, sehemu anayoiona bila kuinamisha kichwa.

Anayeamua kufunga ya kudumu aiarifu kampuni ya bima, kwa sababu hilo ni badiliko. Na pikipiki iliyo chini ya waranti isikatwe waya yake ya kompyuta. Baada ya chai tutazungushia takometa hii kwenye pikipiki iliyopo uani tuisome pamoja. Mwenye klachi anayoishuku ailete mbele.