Ovadraivu Bila Amplifaya: Mbinu kwa Wapiga Sintesaiza ya Gitaa

Mada kwa semina ya wapiga gitaa na mafundi mitambo

Utangulizi



Mara nyingi mpiga gitaa hufika ukumbini au kanisani akakuta mikisa, spika kubwa na waya za kutosha, lakini amplifaya ya gitaa haipo. Mwenye sintesaiza ya gitaa, yaani mashine inayogeuza mlio wa nyuzi kuwa sauti za vyombo vingine, hasumbuki na sauti za filimbi, kinanda au tarumbeta, kwa sababu hizo hupita vizuri kwenye mikisa. Shida huanza anapotaka ovadraivu, ile sauti nene yenye mkwaruzo inayobeba solo. Anazungusha geini hadi mwisho, na kinachotoka spikani ni mlio mwembamba unaochoma masikio na kuzama bendi inapoanza kupiga.

Hoja yangu ni moja. Uzuri wa ovadraivu hutengenezwa kabla ya mkwaruzo na baada yake. Anayejua aingize nini na achuje nini atapata sauti nzuri hata kwa mashine ya kawaida, na asiyejua ataendelea kununua vifaa bila kupona.

Kwamba jambo hili linawezekana bila amplifaya, ushahidi upo. Mwaka 1968, katika studio za EMI za Abbey Road jijini London, Beatles walirekodi "Revolution" magitaa yakiwa yamechomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, na mafundi wakazidisha nguvu hadi sauti ikakwaruza. Mwaka 1989 kampuni ya Tech 21 ilitoa SansAmp, pedali inayoiga amplifaya na spika yake ili mpigaji aingie mikisani moja kwa moja. Mwaka 1995 Roland ilitoa VG-8, mashine iliyoiga kwa hesabu za kidijitali gitaa, amplifaya na spika kwa pamoja. Njia hiyo imeendelea hadi GR-55 ya mwaka 2011 na Boss SY-1000.

Mkwaruzo unavyozaliwa

Kila kifaa cha sauti kina kikomo. Wimbi likizidi kikomo hicho, vilele vyake hukatwa, na kukatwa huko huzaa masafa mapya ambayo hayakuwemo kwenye noti ya awali. Noti ya hezi 110 huota juu yake 220, 330, 440 na kuendelea. Vilele vikikatwa taratibu, sauti hunenepa. Vikikatwa kwa ghafla, masafa ya juu huwa mengi na sauti hugeuka kali.

Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Sauti nyingi za sintesaiza zimejengwa kwa wimbi la msumeno, ambalo tayari limejaa masafa ya juu. Ukilipitisha kwenye mkwaruzo, unaongeza ukali juu ya ukali. Jon Lord wa Deep Purple alipitisha kinanda chake cha Hammond kwenye amplifaya ya Marshall, na sauti ile ilisimama sambamba na gitaa la mwenzake bila kuzidiwa. Siri mojawapo ni kwamba magurudumu ya Hammond hutoa mawimbi laini, yanayokaribia wimbi sahili lisilo na masafa ya ziada. Mkwaruzo ulipata nafasi ya kujenga utajiri wake wenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa geini, ilaini sauti inayoingia. Tumia wimbi moja badala ya mawili yaliyopishana kidogo, kwa sababu kupishana huko kukipita kwenye mkwaruzo huwa mtetemo mchafu. Funga kichujio cha sintesaiza hadi sauti ifanane na gitaa lililofungwa toni. Ondoa mwangwi na korasi kabla ya mkwaruzo. Vyote viwili vikae mwishoni mwa mnyororo. Punguza pia besi kabla ya mkwaruzo. Pedali maarufu ya Ibanez Tube Screamer inafanya hivyo hivyo: hupunguza masafa yaliyo chini ya takriban hezi 720 kabla ya kuyakwaruza, na ndiyo maana solo yake husikika wazi katikati ya bendi.

Nyuzi sita pamoja, au kila uzi peke yake

Sintesaiza ya gitaa ina uwezo ambao gitaa la kawaida halina. Pikapu yake, kwa mfano GK-3, husikiliza kila uzi peke yake na kuupeleka kwenye njia yake ndani ya waya wa pini 13. Kwa hiyo unaweza kuchagua: nyuzi zote zichanganywe kisha zikwaruzwe, au kila uzi ukwaruzwe peke yake kisha zichanganywe. Tofauti ni kubwa, na inaelezeka kwa hesabu.

Noti mbili zikipita pamoja kwenye mkwaruzo mmoja, huzaa noti nyingine ambayo ni tofauti ya masafa yao. Piga A ya hezi 110 pamoja na E ya hezi 165. Tofauti ni 55, nayo ni A ya oktava moja chini. Sauti inaongezeka uzito bila kupoteza mpangilio, na ndiyo sababu wapigaji wa roki hupenda akodi za noti hizo mbili. Sasa piga A ya 220 pamoja na C# ya 277. Tofauti ni 57, ambayo si A wala si noti yoyote unayoihitaji. Akodi kamili yenye mkwaruzo mkubwa huchafuka kwa sababu hii, hata kama gitaa limetyuniwa vizuri kabisa.

Kila uzi ukikwaruzwa peke yake, uchafu huo hautokei. Roland GR-300 ya mwaka 1980 ilikuwa na mkwaruzo wa namna hii. Robert Fripp na Adrian Belew waliitumia GR-300 katika King Crimson, na Pat Metheny akaifanya sauti yake ya solo inayotambulika duniani kote. Ushauri wangu ni huu: kwa akodi za noti tatu au zaidi, kwaruza kila uzi peke yake; kwa solo na akodi za noti mbili, changanya kwanza, maana ule mgongano wa noti ndio unaotupa ladha ya gitaa halisi.

Spika ambayo haipo

Amplifaya inapokosekana, kinachokosekana zaidi ni spika yake. Spika ya gitaa ya inchi 12 hushusha sauti kwa kasi baada ya takriban hezi 5,000, na hivyo huficha ule ukali wote unaozaliwa na mkwaruzo. Spika za ukumbi hufika karibu na hezi 20,000 na hazifichi kitu. Ndiyo maana sauti iliyopendeza kwenye amplifaya huwa mbaya ikiingia mikisani mbichi.

Dawa ni kuirudisha spika kwa njia nyingine. Kama mashine yako ina kiigizo cha spika, kiwashe na kiwe baada ya mkwaruzo. Mashine nyingi huuliza pia zimeunganishwa na nini. Chagua laini ya mikisa, kwa sababu ukichagua amplifaya, kiigizo hicho huweza kuzimwa. Kama hakipo, tumia ekwalaiza: kata kila kilicho juu ya hezi 5,000 kwa mkato mkali, kata kilicho chini ya hezi 90, kisha ongeza kidogo kati ya 1,500 na 3,000 ili solo ipenye.

Angalia pia viwango. Mkwaruzo tunaoutaka ni ule tulioupanga. Kikomo cha kidijitali kikipitwa sehemu nyingine yoyote, kwenye kuingia, kwenye kutoka au kwenye mikisa, sauti hupasuka na hakuna kichujio cha kuitibu. Acha nafasi ya desibeli 12 hivi chini ya kikomo.

Mkono wa mpigaji

Ovadraivu bila mguso husikika kama mashine. Adui wa kwanza wa mguso huo ni kuchelewa: sintesaiza inayotambua noti huhitaji kusubiri angalau mzunguko mmoja wa wimbi, na kwa kawaida zaidi ya mmoja. Uzi wa sita, wenye hezi 82, huchukua milisekunde 12 kumaliza mzunguko mmoja. Uzi wa kwanza, wenye hezi 330, huchukua 3 tu. Ukitaka mwendo wa kasi katika noti za chini, pigia nyuzi za juu na uishushe sauti oktava moja ndani ya mashine.

Vilevile, changanya sauti ya sintesaiza na sauti ya nyuzi zenyewe kabla ya mkwaruzo. Nyuzi hazichelewi, na mlio wa kipigio hufunika kuchelewa kwa sintesaiza. Zikikwaruzwa pamoja, sikio huzipokea kama chombo kimoja.

Panga mashine ili ukipiga kwa nguvu, kichujio kifunguke zaidi. Zima mpangilio unaolazimisha noti kuruka nusu toni, ili kuvuta uzi na kuutikisa kusikike. Weka pikapu karibu na daraja la gitaa, na uache takriban milimita 1 kati yake na nyuzi zinapobonyezwa kwenye kizingiti cha mwisho, kisha rekebisha nguvu ya kila uzi. Uzi mmoja ukiwa na nguvu kupita wenzake, mkwaruzo utauonyesha mara moja.

Hitimisho na mapendekezo

Kwa muhtasari, mnyororo ninaoupendekeza ni huu: sauti laini pamoja na nyuzi, punguza besi, mkwaruzo wa wastani, kiigizo cha spika, ekwalaiza, kisha mwangwi. Anza na geini robo tu na uiongeze ukiwa unapiga na bendi, kwa kuwa sauti iliyopangwa chumbani huwa na geini nyingi mno ukumbini.

Kwa wapigaji, nawasihi mtenge muda wa kupanga sauti hizi kupitia spika za ukumbi zenyewe, kabla wasikilizaji hawajafika. Kwa mafundi mitambo, naomba msiongeze masafa ya juu kwenye njia ya gitaa hili bila kumuuliza mpigaji, maana kazi yake yote imekuwa kuyapunguza. Wasikilizaji wetu wanastahili solo iliyo nene na safi, na kukosa amplifaya si sababu ya kuwanyima.