Wageni Wetu na Ngoma Zetu
Maneno yaliyosemwa kwa jamaa za Nyakasanza siku ya jubile



Leo baada ya Misa kila kabila litaleta ngoma yake uwanjani. Nyumba zetu zimejaa jamaa waliotoka Djugu, Irumu, Aru, Mahagi, hata Nebbi kule Uganda. Kwa maana mpaka wa wakoloni uliwagawa Waalur, lakini haukuligawa baragumu lao la agwara. Nataka kusema neno moja juu ya kukaa na wageni hawa.

Mwaka uliopita, siku ya ngoma kama hii, shangazi yangu alikuja kwetu. Alikuwa hajakanyaga Bunia tangu alipoikimbia vita ya Mei 2003. Ilipopigwa ngoma yetu, alifurahi, akacheza. Walipoingia majirani wa kabila tulilopigana nalo, alijifunga kitenge chake vizuri, akaniambia: «Mwanangu, twende nyumbani.» Nikatii. Njiani mtoto wangu akauliza: «Koko, ngoma ile ni mbaya?» Hakumjibu. Mimi pia sikumjibu. Kimya kile ndicho kilichonileta mbele yenu.

Wapendwa, tukiwaonyesha watoto ngoma yetu tu, tunawaachia nusu ya urithi, na mahali pa nusu ya pili tunawaachia woga. Kanisa limetufundisha njia nyingine. Misa ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, huwaita mababu wenye moyo mnyofu pamoja na watakatifu, wala haiulizi ni mababu wa kabila gani. Tena ndani yake tunapeana amani baada ya kuungama dhambi, kabla ya kupeleka vipaji altareni.

Basi leo kila jamaa ifanye mambo matatu. Kwanza, koko awafundishe wajukuu salamu za lugha yake. Pili, mkae na mgeni wenu mpaka ngoma ya jirani iishe. Tatu, sahani ya sombe na samaki ivuke ua, ifike kwa jirani yule.

Ninajua kwamba tangu 2017 damu imemwagika tena Djugu. Mwenye kilio halazimishwi kucheza. Kukaa tu kunatosha. Shangazi yangu amerudi mwaka huu; yuko pale, chini ya mwembe. Nitakaa naye, na mtoto wangu kati yetu.

Mungu awabariki ninyi na wageni wenu.