UMEME WA NYUKLIA NA MWANAUSHIRIKA

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa makatibu wa vyama vya msingi)



Nimepewa nafasi nijibu swali lililoletwa na chama kimoja cha wakulima: je, umeme wa nyuklia ni wa kuutamani au wa kuuogopa? Swali limekuja kwa wakati wake. Urani imo ardhini mwetu, penye Mto Mkuju wilayani Namtumbo. Jirani zetu wa Kenya nao wamekuwa wakitafuta mahali pa kujenga kituo cha nyuklia, na mwaka 2024, Uyombo katika Kaunti ya Kilifi ilipotajwa, wavuvi na wakazi waliandamana kupinga. Mimi si mtaalamu wa sayansi hiyo; kazi yangu ni elimu ya ushirika. Kwa hiyo nitaeleza zaidi yaliyowapata wanaushirika wenzetu wa Japani.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Kinu cha nyuklia huchemsha maji, basi. Chembe za urani hupasuliwa, joto hutoka, maji huwa mvuke, na mvuke huzungusha mtambo wa kufua umeme. Moshi haupo, na kipande cha urani kinacholingana na ncha ya kidole hutoa joto linalokaribia lile la tani moja ya makaa ya mawe. Ufaransa kwa miaka mingi imepata zaidi ya nusu ya umeme wake kwa njia hiyo. Tena kinu hakingoji mvua, jambo ambalo sisi tuliokwisha kukaa gizani mabwawa yalipopungua maji hatuwezi kulidharau. Asitokee mtu akatuambia kwamba faida hakuna.

Hatari iko hivi. Moto wa kuni ukiuzima umezimika. Kinu kikizimwa, urani iliyomo huendelea kutoa joto, na haina budi kupozwa kwa maji yanayosukumwa bila kukoma. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi lilipiga Japani. Katika kituo cha Fukushima Daiichi vinu vilivyokuwa kazini vilijizima kama ilivyopangwa. Lakini mawimbi makubwa ya bahari yalifuata, yakafurika hadi kwenye jenereta za akiba. Pampu zikasimama, na urani katika vinu 3 ikayeyuka. Watu zaidi ya 150,000 waliyahama makazi yao. Mwaka 2018 serikali ya huko ilikubali rasmi kifo cha kwanza cha mfanyakazi kwa sababu ya mionzi; lakini wakazi wa mkoa huo zaidi ya 2,000, wengi wao wazee, wamehesabiwa kuwa walikufa kwa taabu zilizofuata maafa hayo, hasa za kuhamahama. Nawaomba mzishike hesabu hizo mbili kwa pamoja, kwa maana watu hupenda kutaja moja tu.

Na umeme wa kituo kile ulikuwa ukienda Tokyo na mikoa iliyo jirani nayo. Mkulima wa Fukushima hakuwa akiwasha taa kwa umeme huo.

Vyama vilifanya nini? Kuanzia mavuno ya 2012 kila gunia la mpunga la mkoa ule, la kilo 30, lilipitishwa kwenye mashine ya kupima mionzi, na vyama vya ushirika vya wakulima vilishiriki kazi hiyo. Mwaka ule yalipimwa magunia zaidi ya milioni 10. Yaliyozidi kiwango cha sheria yalikuwa 71. Tangu 2015 halikupatikana hata moja. Sisi tunaobishana ghalani juu ya mizani moja na kipimo kimoja cha unyevu wa korosho, hebu tuifikirie kazi hiyo! Hata hivyo bei ya mchele wao ilikaa chini kwa miaka, maana mnunuzi husikia jina la Fukushima kabla hajasoma cheti.

Wavuvi walikuwa na mzigo mkubwa zaidi. Vyama vyao vilisimamisha uvuvi, na mwaka 2012 vikaanza kidogo kidogo, kwanza kwa pweza na konokono wa baharini. Sheria iliruhusu bekereli 100 za mionzi kwa kilo. Wao wakajiwekea 50. Februari 2021 samaki mmoja wa miambani alikutwa na bekereli 500, na mauzo ya aina ile yote yakasimamishwa. Nadhani hicho ndicho kilichowapa heshima: kipimo kilikuwa mikononi mwao, nao waliweza kusema hapana kwa samaki wao wenyewe. Pamoja na hayo, hadi 2022 samaki waliovuliwa walikuwa karibu sehemu moja tu kwa tano ya wale wa kabla ya ajali.

Mnitakapo rai yangu, siukatai umeme huu. Ningeuliza tu, kabla ya kitu kingine, ni nani atakayeshika kipimo, na ahadi zimeandikwa kwa maneno gani.

Nasema hivyo kwa sababu ya barua moja. Maji yaliyopoza urani iliyoyeyuka yalisafishwa na kuhifadhiwa katika matangi, yakajaa. Mwaka 2015 serikali na kampuni yenye kituo waliliahidi kwa maandishi shirikisho la vyama vya wavuvi wa Fukushima kwamba maji hayo hayatatupwa pasipo wahusika kuelewa. Julai 2023 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilisema mpango wa kuyamwaga unalingana na kanuni za usalama. Tarehe 24 Agosti 2023 yakaanza kumwagwa baharini, hali wavuvi wangali wakipinga, na siku hiyo hiyo China ikapiga marufuku mazao yote ya bahari kutoka Japani. Serikali ikasema uelewa ulikwisha kupatikana kwa kiasi. Barua haikuwa imeeleza kuelewa huko kungepimwa vipi, wala nani angekuwa mpimaji.

Ninyi makatibu ndio mnaotunza majalada ya mikataba ya vyama vyetu. Niko tayari kwa maswali.