Upepo Mkali, Tanga Dogo

Kutoka Munigi, Ziwa Kivu linaonekana kule chini, nyuma ya mabati ya Goma. Kiangazi kikiingia, mwezi wa sita, upepo wa kusini hulipanda ziwa, na mawimbi yakaanza kupiga mawe meusi ya ufukoni. Wavuvi wetu wa sambaza hufunga pirogi tatu pamoja kwa miti mirefu na kuziendesha kwa kasia huku wakiimba, matanga hawana. Msikilizaji anayetaka kujua chombo kidogo cha tanga kinavyotayarishwa kushindana katika upepo mkali itabidi aelekee Lamu, pwani ya Kenya, ambako mashua hushindanishwa wakati wa Maulidi na wa tamasha la utamaduni.

Kazi huanza nchi kavu. Maji yakipwa, mashua hulazwa mchangani, magamba na mwani vilivyoganda vikakwanguliwa, nyufa zikazibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, kisha tumbo lake likapakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Hayo ni ya shindano lolote. Siku ya upepo mkali, swali ni tanga.

Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya tanga huwa mara nne. Na tanga lililofungwa kwenye foromali, yaani mti wake wa juu, si jepesi kupunguzwa chombo kikiwa mbioni, kwa hiyo uamuzi hufanywa ufukoni: kubwa lishushwe, dogo lifungwe. Hapo vijana hununa. Nani anataka kuonekana mwoga mbele ya umati? Lakini mashua inayolala ubavu mpaka inakunywa maji hupoteza mwendo, na yenye tanga dogo, iliyosimama vizuri, huipita.

Jambo la pili ni uzito, nalo kwa maoni yetu ndilo kubwa zaidi. Ubao mrefu hutolewa nje upande unakotoka upepo, mabaharia wakaukalia, miguu ikining'inia juu ya maji. Ndani kuna magunia ya mchanga, ndiyo farumi; mashua ikigeuka, magunia, ubao na watu huhamia upande wa pili kwa kelele na matusi ya kirafiki. Mshika demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, haifungi fundo. Huizungusha mara moja tu na kuishika mkononi, ili upepo ukipiga ghafla aiachie. Hata vimashua vya ILCA, vinavyoshindana kwenye Olimpiki, vina matanga ya ukubwa wa aina tatu kwa mwili uleule, na baharia huchagua kwa kuangalia kilo zake mwenyewe.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, ikitoka Minova na ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka ikikaribia kufika gati la Kituku, Goma, na watu wengi wakafa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwasubiri. Haikuwa na tanga, wala haikuwa ikishindana na mtu. Ila Lamu kila mwili unaopanda hupangiwa mahali pa kukaa, na kwenye boti zetu kila mwili ni nauli.

Jaketi za kuokolea zimezungumzwa sana tangu siku ile, na zinahitajika kweli. Kinachokosekana gatini ni mtu mwenye mamlaka ya kutazama ziwa asubuhi, kuamuru abiria ishirini washuke, na kuhakikisha wamerudishiwa nauli yao palepale.