Kuzima Simu Si Kujibu Swali

Juni 2024 mzee mmoja hapa Chanika, Handeni, alinionyesha simu yake huku mkono ukimtetemeka. Ilikuwa picha ya vijana wakikimbia moshi wa mabomu ya machozi. Chini yake paliandikwa kuwa ni wanafunzi wa Dar es Salaam, ambako binti yake alikuwa akisoma.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa habari. Hii ni kweli?"

Nikaitazama vizuri. Gari lililokuwa pembeni lilikuwa na namba inayoanza na herufi K. Ilikuwa picha ya Kenya. Jioni binti akapiga simu. Alikuwa bwenini, salama.

Wapo wanaodai kwamba maandamano ya wanafunzi yameletwa na mitandao. Nawakumbusha Oktoba 22, 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Hawakuwa na WhatsApp. Walikuwa na mabango na miguu yao. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawafukuza karibu 400. Lakini lawama yao juu ya mishahara ya wakubwa ilimgusa: akapunguza wa kwake kwa asilimia 20.

Kilichobadilika ni kasi. Mwaka 2024 vijana wa Kenya, wanafunzi wakiwamo, waliuchambua Muswada wa Fedha mitandaoni, hata kwa lugha za makabila yao. Juni 25 waandamanaji wakaingia Bungeni, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini.

Hapa kwetu, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, ikakaa siku kadhaa. Uvumi haukuzimika. Mwenye mtoto mbali alibaki na maneno ya kijiweni tu.

Wakubwa, kuzima simu si kujibu swali. Nawe kijana, kabla hujasambaza picha, uliza imepigwa wapi na lini. Picha moja ya uongo humpa mkubwa kisingizio cha kuyatupa madai yako yote, hata yaliyo ya haki.

Mzee wangu wa Chanika hakutaka simu yake izimwe. Alitaka kuambiwa ukweli, na alistahili kuambiwa mapema.